Kurudi Uganda kuwaona marafiki wa zamani: mwongozo kamili kwa waliowahi kuishi Kampala

Mwongozo huu ni wa Mtanzania au Mkenya aliyewahi kuishi Uganda, akasoma Makerere au vyuo vya Kansanga, au akafanya kazi miaka michache kisha akaondoka, na sasa anataka kurudi kuwaona watu wake. Mtalii anafuata Nile na gorila, vitu ambavyo atavikuta palepale vilipo. Wewe unafuata watu, na watu huhama, hubadili namba, huoa, hufilisika, hupata mapacha, hufa. Ndiyo maana kazi kubwa ya safari hii unaifanya ukiwa bado kwako, na nyingine kubwa utaifanya umekaa sebuleni kwa watu. Mpaka na basi ndiyo sehemu nyepesi.

1. Watafute kabla hujakata tiketi

Anza na namba ulizonazo, lakini zisome kwanza. Namba za Uganda huanza na +256, na tarakimu mbili zinazofuata zinakueleza mtandao. 77 na 78 ni MTN. 75 zilikuwa za Celtel, baadaye Zain, leo ni Airtel. 70 zilikuwa za Warid, ambayo nayo iliingia Airtel mwaka 2013. Kama ya rafiki yako inaanza na 79, usipoteze muda wako: hizo zilikuwa za Orange, zikawa Africell mwaka 2014, na Africell ilifunga shughuli zake Uganda Oktoba 2021. Waliokuwa nazo walibaki na laini zisizofanya kazi, au wakazitupa.

Hata namba inayoita inaweza kuwa na mwenyewe mwingine. Mwaka 2017 laini zote ziliamriwa zihakikiwe kwa kitambulisho cha taifa, na zisizohakikiwa zikazimwa. Laini iliyolala muda mrefu nayo huuzwa upya. Kwa hiyo simu ya kwanza isianze na vicheko na majina ya utani ya hosteli. Salimia, jitambulishe, uliza unaongea na nani. Nimeshuhudia mtu akimsimulia fundi bomba wa Mukono mambo ya chuo kwa dakika nzima.

Kuhusu Facebook, usimhukumu mtu kwa ukimya wake. Ilifungwa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na tangu hapo kuifungua kukahitaji VPN. Wengi waliiacha wakahamia WhatsApp, TikTok na X. Akaunti iliyosimama mwaka 2020 mara nyingi ina maana hiyo tu: mwenyewe yupo, hana habari na ujumbe wako.

Njia inayozaa zaidi kuliko mitandao yote ni kumtafuta mtu mmoja. Kila kundi la marafiki lina mmoja anayejua kila mtu yuko wapi, na mara nyingi si yule mliyempenda kuliko wote. Ni yule aliyekuwa anakusanya michango ya harusi na misiba. Mpate huyo, na wengine watano watapatikana ndani ya wiki. Ukimkosa, rudi kwenye sehemu badala ya majina: mlinzi wa hosteli ya Kikoni, mama aliyekuwa akiwauzia katogo, ile ndizi ya mchanganyiko, asubuhi, kwaya ya kanisa. Kwa Waislamu, Ijumaa ya Old Kampala au Kibuli ina majibu mengi kuliko intaneti, na Waswahili wa Kampala wanajuana. Wahitimu wa Makerere wana chama chao, Convocation, ambacho nacho ni mlango wa kubisha.

Ukishapata namba mpya, ihakiki. Mwombe mtu aliyeko Uganda aanze kutuma pesa kidogo kwa simu kwenda namba hiyo: jina la mwenye laini hutokea kabla ya kuthibitisha, naye anaweza kuishia hapo bila kutuma. Kisha muulize huyo “rafiki” jambo ambalo halimo kwenye picha zenu za mtandaoni. Anayeomba nauli kabla hajakumbuka jina la hosteli yenu, achana naye.

2. Chagua tarehe kwa kuwaangalia wao

Likizo yako si kipimo. Kampala ya Desemba ni mfano mzuri. Kuanzia katikati ya mwezi nauli za kwenda mikoani hupanda, na Krismasi inapofika jiji limebaki tupu. Kama marafiki zako wote wanatoka Masaka, njoo Desemba uende Masaka, utawakuta wote pamoja na wazazi wao. Kama mmoja anatoka Gulu, wa pili Kabale na wa tatu Mbale, Desemba utaimaliza barabarani.

Tarehe 3 Juni ni Siku ya Mashahidi, na mahujaji hujaa Namugongo, wengine wametembea kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania. Kama rafiki zako ni Wakatoliki au Waanglikana wa dhati, hiyo ni tarehe ya kuwapata pamoja. Kama sivyo, vyumba na magari yatakuwa ya taabu bila faida kwako. Mwanzoni mwa Februari shule hufunguliwa na kila mzazi anahangaikia ada. Ukifika wiki hiyo utawakuta watu hawana raha, na mazungumzo yatakuwa ya pesa hata kama hakuna aliyetaka iwe hivyo. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Miezi ya uchaguzi mkuu, ambao huja kila baada ya miaka mitano, iache ipite.

Mimi huwashauri watu Julai au Agosti, au tarehe yoyote yenye kwanjula (sherehe ya bibi harusi kumtambulisha mchumba kwao) au harusi ya mtu mnayemjua wote. Sherehe hukusanya watu bila wewe kugharamia. Ukialikwa kwanjula ya Kiganda, mwanamke avae gomesi na mwanaume kanzu na koti juu yake. Mavazi hayo huazimwa au kukodiwa, usinunue kwa siku moja.

3. Karatasi

Mkenya anaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, kutokana na makubaliano ya Kenya, Uganda na Rwanda yaliyoanza mwaka 2014. Mtanzania anahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Wote hatulipii viza. Hata hivyo namshauri Mkenya naye abebe pasipoti, kwa sababu ya laini ya simu, kama utakavyoona mbele.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka, na moja hutosha maisha, kwa hiyo ile kadi ya zamani uliyochomewa enzi za chuo bado ni halali. Itafute kabla hujalipia nyingine.

Muhuri ukishagongwa, soma siku ulizoandikiwa palepale dirishani, kabla hujasogea. Unasafiri na mtoto bila mzazi mwenzako? Beba cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Unakuja na gari lako? Utahitaji kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni bima ya kuvuka mipaka na hupatikana kwenye kampuni za bima za Tanzania na Kenya.

4. Njia

Kutoka Tanzania, mlango ni Mutukula, kupitia Bukoba. Waliopita zamani wakitokea Mwanza watakumbuka kusubiri kivuko pale Busisi. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na kusubiri kumekwisha. Mutukula yenyewe sasa ni kituo cha pamoja: unamalizana na nchi zote mbili kwenye jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Kutoka hapo ni Kyotera, Masaka, Lukaya, Kayabwe, Kampala. Pale Kayabwe unavuka Ikweta. Lukaya ndipo basi husimama na wauza nyama na gonja (ndizi) za kuchoma wanakimbilia madirishani, kwa hiyo shika pesa ndogo mkononi.

Kutoka Nairobi unachagua Busia au Malaba. Malaba ina malori mengi zaidi, na Busia ndiyo ya abiria wengi. Utapita Jinja juu ya daraja jipya la kamba lililofunguliwa Oktoba 2018, hutapita tena juu ya bwawa la Nalubaale kama zamani. Kisha msitu wa Mabira, kisha Namawojjolo kwa kuku wa kijiti. Ndege za Uganda Airlines zilirudi angani mwaka 2019 na zinafika Nairobi na Dar es Salaam. Ukitua Entebbe, ile barabara ya haraka ya kulipia itakuokoa foleni ya Kajjansi.

Panga kuingia Kampala asubuhi au mchana. Kutoka Masaka, foleni ya Kyengera hadi Busega inaweza kula saa nzima au zaidi jioni, na mwenyeji wako amekaa kituoni anakusubiri.

5. Simu na pesa

Laini nunua duka rasmi la mtandao, si kwa kijana wa mwavuli, kwa kuwa mgeni husajiliwa kwa pasipoti. Ukishaipata, fungua na huduma ya pesa kwa simu siku hiyohiyo. Bila hiyo utakuwa mzigo: kila mchango, kila bodaboda, kila “tuma ya maji” inapita huko. Kumbuka kuna kodi ya asilimia 0.5 kwenye pesa unayotoa, mbali na ada ya mtandao.

Badilisha kiasi kidogo tu mpakani, cha nauli na chakula, kingine kabadilishe kwenye maduka ya fedha ya Kampala Road. Kama unabeba dola, ziwe noti kubwa, mpya na safi. Ndogo na za zamani hupewa bei ya chini au hukataliwa.

6. Jiji uliloliacha

Usijitie ujuaji siku ya kwanza. Stendi ya zamani ya taksi ilifungwa, ikakarabatiwa, ikafunguliwa tena, na baadhi ya njia hazianzii pale unapokumbuka. Pale Clock Tower zimeota barabara za juu. Jengo kuu la Makerere liliungua Septemba 2020 na limejengwa upya kwa sura yake ileile, kwa hiyo picha ya kumbukumbu kwenye ngazi bado ipo.

Taksi, yaani daladala au matatu, bado ni ile ya watu 14, na gari la kukodi peke yako bado ni spesho. Kushuka bado ni “maaso awo”. Kwa bodaboda tumia programu za simu, bei inajulikana kabla na dereva anajulikana. Ukimsimamisha wa kijiweni, patana kabla hujapanda. Lafudhi yako itasikika, na Kiswahili cha Kampala bado kina wazee wanaokihusisha na askari. Tangulia na “Oli otya, ssebo” (hujambo, bwana) au “nnyabo” kwa mwanamke, kisha endelea na lugha yoyote mliyo nayo. Ukielekea Busia, Tororo au Arua hali ni nyingine kabisa, huko Kiswahili kinakufikisha popote.

7. Mkusanyiko mmoja, kisha nyumba kwa nyumba

Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Mgeni anafikia hoteli, anafungua kundi la WhatsApp, anaita watu 20 mkahawani Jumamosi usiku, wanakuja tisa, muziki unawazidi sauti, anapiga picha na kuondoka. Amewaona, hajaongea na hata mmoja.

Fanya mkusanyiko mmoja, ndiyo, lakini uufanye mapema katika safari na mchana wa Jumapili, baada ya ibada na kabla ya kesho kazini. Kazi yake ni kuwakutanisha wao kwa wao, maana utashangaa: watu wanaoishi Ntinda na Nateete wanaweza kukaa miaka bila kuonana mpaka mgeni aje kutoka Dar. Chagua sehemu tulivu yenye nafasi ya watoto. Sema wazi kwenye mwaliko nani analipa nini. Kama unawalipia wote, sema. Kama kila mtu anajilipia, sema pia, kwa sababu asiye na pesa hatauliza, atasema tu amepata dharura. Njia ninayoipenda ni mama mmoja wa kundi kupewa pesa ya soko na chakula kupikwa nyumbani kwake. Gharama inashuka, na hakuna anayeona aibu.

Muda utakaowaambia ujue ni wa kuanzia kuamka. Ukisema saa saba, wa kwanza atafika saa nane na nusu. Usikasirike, wala usijibu kwa kuchelewa wewe.

Siku zinazobaki zigawe kwa nyumba. Siku moja, nyumba moja. Anayejaribu nyumba tatu kwa siku katika Kampala ya foleni huishia kusalimia akiwa amesimama. Na acha siku mbili bila mpango wowote, kwa sababu ukishaonekana, kuna watu usiowatarajia watakaokutafuta wenyewe.

Kabla ya kubisha hodi, muulize yule mjua-yote habari za nyumba hiyo. Mtu aliyepata mapacha sasa anaitwa Ssalongo, na mkewe Nnalongo, nao wanajivunia hivyo. Wengine watafurahi ukiwaita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Waliotengana usiwaulizie wenzi wao mbele za watu. Majina ya utani ya chuo yaache mpaka ujue mke au mume anayajua.

Mkono mtupu haulambwi. Kwa nyumba ya mjini, matunda, mkate na sukari havijawahi kukosea. Kwa wazazi wa rafiki yako kijijini ongeza nyama, sabuni na chumvi, ukabidhi kimya kimya kwa mama mwenye nyumba. Zawadi ya kutoka kwenu ina uzito wake: leso au khanga kwa kina mama, karafuu, mchele wa Kyela kama unatoka upande huo. Kabla ya chakula utasikia “kulikayo”, salamu ya aliyetoka safari. Itikia “awo”, kaa, kula. Ukikuta luwombo, ile nyama iliyopikwa ndani ya jani la mgomba, ujue mtu ameamka alfajiri kwa ajili yako, na sababu ya kwamba umeshakula njiani haitakubaliwa. Njoo na njaa.

8. Wasiokuwepo

Kama umeondoka zaidi ya miaka kumi, jiandae kusikia majina ya waliokufa, na mengine utayasikia katikati ya mkusanyiko, yakitajwa kana kwamba unajua. Ni afadhali uulize mapema, kwa simu, ukiwa kwako: “Nani ametutoka?” Utapata muda wa kulia peke yako na wa kupanga.

Kisha nenda kwa familia. Hata kama ni miaka sita imepita, toa rambirambi, mabugo kwa Waganda, ndani ya bahasha, umkabidhi mkubwa wa nyumba. Waganda wengi huzikwa kwenye ardhi ya ukoo kijijini, kwa hiyo kufika kaburini kunaweza kuwa safari ya siku nzima. Nenda na mtu wa familia, usiende peke yako kwa maelekezo ya simu. Beba picha za zamani ulizonazo, zichapishe. Watoto wa marehemu mara nyingi hawajawahi kumwona mzazi wao akiwa na miaka 21, anacheka, ameshika rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, pale Wandegeya. Kati ya vyote utakavyobeba kwenye begi, sidhani kuna kitakachopokelewa kama picha hizo.

9. Maombi ya pesa

Yatakuja. Kwa jamaa zako wewe ni mtu uliyefika kutoka nje, hata kama mshahara wako ni mdogo kuliko wa mwenyeji. Tenga fungu kabla hujaondoka, liwe nje ya nauli, na likiisha limeisha. Jibu “sina kwa sasa” linaeleweka Kampala bila ugomvi. Linaloleta ugomvi ni ahadi. Kwenye vikao vya harusi watakuomba utaje kiasi mbele za watu na mwandishi ataandika. Taja unachoweza kutoa palepale, uweke mezani. Na kama kuna deni la zamani, la kwako au la kwao, la kwako lilipe siku ya kwanza, la kwao ulisahau.

10. Kuondoka

Kijijini hutaachiwa uondoke hivihivi. Utapewa ndizi mkungu mzima, karanga, pengine kuku hai. Kukataa ni tusi. Kuku na mimea mibichi vinahitaji vibali vya mifugo na kilimo mpakani, kwa hiyo pokea kwa mikono miwili, shukuru, kisha mpe mwenyeji wako anayefuata Kampala. Wote wanajua mchezo huo. Kahawa iliyokaangwa ya Bugisu na karanga kavu zilizofungwa vizuri hazina shida kubwa. Ukibahatisha msimu wa nsenene, wale panzi wa kuliwa, karibu na Novemba, wanunue waliokwisha kukaangwa, wawekwe kwenye chombo chenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na hukaguliwa kwenye mizigo.

Jioni ya mwisho toa pesa yote iliyobaki kwenye simu, ukibakisha ya bodaboda ya kwenda kituoni. Laini usimwachie mtu, hata rafiki wa damu: imesajiliwa kwa pasipoti yako, na lolote litakalofanywa nayo ni lako. Ondoka nayo, na mkutano mwingine ukipangwa uwape namba ya nyumbani, ile ambayo WhatsApp yako iko juu yake.